Waya wa Joto

Friji ilikuwa inaganda juu na kuozesha chini. Juu, kwenye kile chumba kidogo cha barafu, theluji ilikuwa imejaa nyuma mpaka imeanza kuusukuma mlango. Chini, maziwa ya jana yalikuwa yamekatika, na nyanya zimetoa jasho kama watu waliopanga foleni juani. Mama Kasuku aliingiza mkono kwenye rafu ya chini, akaugeuzageuza, akautoa. Mkono ulitoka na joto lilelile ulioingia nalo.

"Baba Kasuku, hebu njoo uone. Hii friji imekuwa kabati."

Mumewe, mpaka rangi, alikuwa anafunga viatu vyake vyenye madoa ya nyumba nyingi, ambazo hakuna hata moja angeruhusiwa kuingia na viatu hivyo. Alikuja, hakuchungulia ndani, akashika kile kitufe cha baridi akakizungusha mpaka kikagoma.

"Ilikuwa tatu. Sasa iko saba. Itapoa tu."

"Ukiisukuma hadi mwisho si itachoka?"

"Chombo hakichoki, mke wangu. Anayechoka ni mtu."

"Bibi amekauka sauti," mtoto alisema kutoka kwenye godoro. "Jana alikuwa anakohoa krrr, krrr. Leo kimya."

Bibi ndiyo friji. Mtoto aliipa jina hilo kwa sababu ya kunung'unika kwake, na yeye mwenyewe aliitwa Kasuku kwa sababu alizungumza na kila kitu: na friji, na viatu vya baba yake, na sindano yake mwenyewe. Jina lake la shuleni lilibaki shuleni. Mwaka uliopita alikuwa ameanza kukonda huku anakula, na kunywa maji kama mtu aliyemeza chumvi, na daktari akasema ni kisukari cha watoto, kile kisichokuwa na kidonge, sindano tu, kila siku, maisha yake yote. Friji ile haikununuliwa kwa ajili ya maji ya baridi. Ilinunuliwa, mtumba, na gamba la mlango limebonyea, kwa ajili ya chupa mbili za insulini zisizozidi kidole gumba. Bila chupa zile mtoto haishi.

"Na dawa?" Mama Kasuku aliuliza.

"Si ziko kwenye baridi?"

"Baridi ipi? Shika mwenyewe."

Mpaka rangi alishika. Akaangalia saa. Msimamizi wake alikuwa mtu wa kufunga geti dakika ileile, na nje ya geti daima walisimama wengine wenye brashi zao.

"Basi ziweke juu. Huko ndiko kwenye baridi."

Kliniki waliwaambia, "Ikae kwenye friji." Sentensi hiyo ilisemwa na mtu ambaye tayari alikuwa anaita, "Anayefuata!" Hakuna aliyewaambia kwamba dawa ile inaogopa baridi kali kuliko inavyoogopa joto. Mama Kasuku alizifunga chupa kwenye kipande cha kitambaa, akazisimamisha juu, karibu kabisa na ukuta wa theluji, kwa upole, kama anayelaza mtoto.

Asubuhi ya pili zilikuwa mawe. Aliipasha moja kiganjani, kisha kwapani, mpaka ikarudi kuwa maji.

"Mama, ina mba," Kasuku alisema akiinyanyua kwenye mwanga. Kweli, ndani kulikuwa na chembe nyeupe zinazoelea.

"Itikise, zitaisha."

Zilitikiswa. Hazikuisha. Akachomwa.

* * *

Kila mpangaji alikuwa fundi wa friji ambayo si yake. Mama Mkaa wa chumba cha pili, ambaye maisha yake yote hajawahi kumiliki friji, alisema gesi imeisha. Wa chumba cha mwisho akasema ni mpira wa mlango. Basi ikaitwa gesi: akaja mtu na mtungi, akatoboa, akajaza, akalipwa pesa iliyokuwa ya viatu vya shule, akaondoka. Theluji ikaongezeka.

Siku ya mapumziko, Mama Kasuku akaamua kuiyeyusha mwenyewe. Alichomoa waya, akaacha milango wazi, akaweka beseni la maji ya moto ndani, akatandika matambara sakafuni. Barafu ilianza kuachia vipande vipande, ikidondoka ndani ya beseni, na maji yakapita matambara yakatoka mlangoni mpaka ukumbini.

Shangazi akatokea.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa mwenye nyumba. Lakini alitaka aitwe hivyo, kwa sababu kodi hudaiwa kwa ukali na undugu hudaiwa kwa upole, na yeye alipenda kupata vyote viwili. Alisimama pembeni ya maji, amenyanyua gauni.

"Mwanangu, tunafua ndani siku hizi?"

"Samahani, Shangazi. Ni friji. Nayeyusha."

"Hii friji! Hivi mnajua inavyotafuna umeme wa wenzenu? Mimi sisemi kwa ubaya. Upande wangu nina mita yangu, hainiumizi. Nawaonea huruma hawa." Akaonyesha milango iliyofungwa ya hawa. "Wanachangia baridi ambayo hawainywi."

Mita ya wapangaji ilikuwa moja, ukutani kwenye ukumbi. Umeme ukiisha kila chumba kinachangia, na chumba chenye friji kinachangia mara mbili, kwa amri ya Shangazi. Mama Kasuku alikuwa hajawahi kukosa kutoa. Hata hivyo alipiga magoti pale mbele ya kandambili za mwenye nyumba, akakausha maji kwa kanga yake aliyokuwa amejifunga, kwa kuwa matambara yalikuwa yamelowa yote.

"Na pale, kwenye kona," Shangazi alisema.

Akakausha na pale kwenye kona.

Friji ilipowashwa ilinguruma vizuri. Feni ikazunguka, baridi ikashuka chini, Kasuku akaikumbatia: "Bibi umepona! Usitutishe tena." Chupa zikarudi kwenye rafu yake ya mlangoni. Lakini kilichoganda hakikuwa na taarifa kwamba kimeganduka. Siku chache tu, krrr, krrr, halafu kimya. Theluji nyuma, joto chini. Mama Kasuku akazirudisha chupa juu.

* * *

Mtoto alianza tena kunywa maji. Aliamka kwenda chooni, akirudi anapita kwenye ndoo. Mashavu yalishuka. Shuleni alilala juu ya daftari, akaandikiwa kwamba ni mvivu.

"Unakula nini njiani wewe?" baba yake aliuliza jioni moja. Alikuwa ametoka kazini ambako alilazimishwa kupaka upya ukuta mzima kwa kuwa mwenye nyumba ile amebadili mawazo juu ya rangi, bila malipo ya pili.

"Sili kitu, baba."

"Sindano unachomwa kila siku. Sukari inapanda kwa uchawi?"

"Labda ni dawa, baba. Ina mba."

"Usinifundishe! Lete begi."

Alilikung'uta begi mlangoni, mbele ya Mama Mkaa na jiko lake na wote waliokuwa wamekaa nje kupunga upepo. Vikaanguka penseli mbili, kitambaa, daftari. Katikati ya daftari kulikuwa na karatasi ya peremende, nyekundu, imenyooshwa vizuri kwa ukucha.

"Hii nini?"

"Karatasi."

"Ya nini?"

"Nilipewa karatasi tu, baba. Peremende alikula mwenzangu. Mimi nainusa."

Hakuna aliyecheka. Mpaka rangi alikuwa amekwisha kunyanyua mkono, na mkono uliobaki hewani lazima upate mahali pa kwenda. Ulikwenda kwenye fremu ya mlango. Aliipiga, akaingia ndani, na hakula usiku ule. Kasuku aliokota vitu vyake kimoja kimoja. Karatasi aliiacha pale chini.

* * *

Kwenye kiwanda cha nguo, Mama Kasuku alishona kola. Kola tu, mashati aliyaona kwa watu barabarani. Fundi wa mashine alipokuja kumbadilishia sindano, alimweleza habari ya friji, harakaharaka, kabla msimamizi hajageuka.

"Inaganda nyuma, juu?" fundi aliuliza, koleo mdomoni. "Na ni zile friji zenye feni?"

"Ndiyo."

"Basi moto wake hauwaki."

"Moto gani? Friji?"

"Zina moto, dada yangu. Waya wa joto, chini ya yale mabomba ya baridi. Kila baada ya muda unawaka kidogo, unayeyusha theluji, maji yanatoka nyuma, unazima. Usipowaka, theluji inajenga ukuta, feni inakwama, na chini hapapati kitu. Fungua lile bamba la nyuma. Utakuta umeungua, au panya amekata waya. Ila zima umeme kwanza, usije ukaniachia lawama." Akamwachia koleo na bisibisi vya kurudisha.

Jumapili ile Kasuku hakuamka kucheza. Alilala kwenye godoro na kikombe kando, anamwangalia mama yake akifungua skrubu.

"Unampasua Bibi?"

"Namtibu."

"Mwambie avute pumzi."

Mama Kasuku hakuamini kuchomoa plagi peke yake. Alitoka ukumbini, akashusha swichi kubwa ya mita ya wapangaji. Chumba cha pili redio ilinyamaza. Halafu, kutoka upande wa mbele, kwenye bafu la Shangazi, ikaja kelele:

"Nani amezima? Nani huyo? Maji yamekuwa ya baridi, nina sabuni machoni!"

Mama Kasuku alisimama pale na mkono kwenye swichi. Shangazi mwenye mita yake. Shangazi anayeoga maji ya moto asubuhi na jioni kwa ajili ya miguu. Akanyanyua macho, na kwa mara ya kwanza akaufuata ule waya mnene mweupe uliotoka kwenye sanduku la wapangaji, ukapanda darini, ukatembea ukumbi mzima juu ya vichwa vya watu waliokuwa wanachangia, ukaingia ukutani upande wa mbele.

"Ni dakika chache tu, Shangazi!" alisema.

Alirudi ndani. Bamba la nyuma lilitoka na vipande vya barafu. Akamimina maji ya vuguvugu taratibu mpaka mabomba yakaonekana, na chini yake ule waya wa joto, mzima, unang'aa, haujaungua popote. Ila nyaya mbili za kuupelekea umeme zilikuwa zimekatwa. Zimekatwa sawa, kwa koleo, na kila ncha imezungushiwa tepu.

Panya hukata waya. Panya hafungi tepu.

Na tepu yenyewe ilikuwa ya karatasi, ya rangi ya maziwa, ile wanayobandika wapaka rangi kwenye kingo za madirisha. Tepu kama hiyo zilikuwa nne ndani ya mkoba wa mumewe, nyuma ya mlango.

* * *

Alinyanyua tena swichi, akamngoja mumewe arudi, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, friji imeachama mbele yake.

"Nani alikata?"

Mpaka rangi aliangalia nyaya, akaangalia mkoba wake. Alivua kofia.

"Ulikuwa kazini," alisema. "Shangazi alikuja na fundi wake. Akasema friji inamaliza umeme, ama ipunguzwe ama itoke, na sisi na friji yetu. Fundi akafungua, akasema hii ina hita ndani, ndiyo mla umeme. Akaniuliza, 'Mzee, friji na moto wapi na wapi?' Mimi nikaona ana akili. Friji na moto wapi na wapi? Akasema ni waya wa joto tu, hauna kazi."

"Na tepu?"

"Hakuwa na tepu. Akaniomba."

"Ukampa."

"Nikampa. Nikamshikia na tochi." Sauti yake ilishuka. "Ungefanya nini wewe? Utoke na mtoto, na friji mgongoni, uende wapi?"

"Ungeniambia! Ningejua! Nimeita gesi, nimepiga magoti napangusa maji mbele ya yule mwanamke, na wewe unanitazama, unajua!"

"Sikujua kama ndiyo sababu. Naapa sikujua. Nilijua tu kwamba kuna kitu kimekatwa."

Hivyo ndivyo mtu wa kupanga anavyojua mambo: anajua kuna kitu kimekatwa. Husemwa ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Haisemwi nani anamkamua.

"Hiyo mita yake iko wapi?" Mama Kasuku aliuliza. "Maji yake yanachemka kwetu. Nimeshusha swichi, amepiga kelele na sabuni usoni. Ule waya pale juu."

Mumewe aligeuka kuutazama ukumbi. Alikuwa ameupaka rangi mwenyewe ukumbi ule, bure, mwaka wa kwanza, kumfurahisha Shangazi. Waya ule aliuzunguka kwa brashi, asiuchafue.

"Msigombane," Kasuku alisema kutoka kwenye godoro. "Mimi nitakunywa maji tu."

Sauti ilikuwa nzito kama ya mlevi. Walimgeukia. Alikuwa anahema kwa kina, kifua kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyekimbia, na pumzi yake ilinukia matunda yaliyoiva kupita kiasi. Mama alimwinua. Kichwa kilikwenda upande.

* * *

Hospitalini muuguzi alipima sukari, akaangalia mashine, akapima tena kidole kingine.

"Mmemlisha nini huyu?"

"Anakula tunachokula."

"Wazazi wote mnasema hivyo. Sindano anachomwa?"

"Kila siku. Sijaruka hata siku moja."

"Dawa mnaiweka wapi?"

"Kwenye friji," Mama Kasuku alisema. "Friji ilikuwa haipoi. Nikaiweka juu. Kwenye barafu kabisa."

Muuguzi aliacha kuandika. Ukali ulimtoka usoni, na hapo ndipo Mama Kasuku alipoogopa, maana alikuwa amezoea ukali.

"Iliganda?"

"Iliganda. Nilikuwa naipasha kwapani."

"Insulini ikiganda imekufa, mama," muuguzi alisema polepole. "Hata ikiyeyuka. Ulikuwa unamchoma maji."

"Mbona hamkuniambia?"

Muuguzi alitazama foleni iliyokuwa nyuma yao hadi nje ya mlango. Kwa haki, swali halikuwa la kwake.

Walimwekea maji ya mishipa, wakamchoma dawa iliyo hai. Mchana wa siku iliyofuata Kasuku alifumbua macho, akamwona baba yake na viatu vyake vya madoa, akakunja midomo kama anayetaka kusema kitu. Baba akainama, akaweka sikio. Alingoja. Mtoto aliyezungumza na kila kitu hakusema.

Saa ya kuona wagonjwa ilipokwisha, wakaambiwa watoke. Walipoitwa kurudi, shuka lilikuwa limemfunika Kasuku mpaka kichwani.

* * *

Watu walipoanza kupungua msibani, Shangazi alikuja kukaa karibu na mfiwa. Alilia. Hilo lisemwe: alilia kweli, mpaka akahitaji kitambaa cha pili. Machozi hayana mita.

"Mungu ndiye ajuaye, mwanangu. Alikuwa ananiamkia yule mtoto kila asubuhi. Kila asubuhi." Alimshika mkono. Akavuta pumzi. "Sitaki kukuongezea uchungu. Lakini ile friji, sasa, ichomoeni tu. Kazi yake si ndiyo imekwisha? Na umeme nao ndio huo unakwenda."

Mama Mkaa, aliyekuwa anakusanya vikombe, alisimama.

"Nimekusikia, Shangazi," Mama Kasuku alisema.

Alasiri, Shangazi alipotoka kwenda sokoni, Mama Kasuku alichukua koleo la fundi wa kiwandani, akachukua meza, akaiweka katikati ya ukumbi. Akashusha swichi kubwa. Ukumbi ukawa giza, kama kawaida yake; dirisha halikuwahi kuwekwa.

"Baba Kasuku."

Alitoka chumbani, macho yamevimba.

"Nishikie tochi."

Aliangalia meza, akaangalia dari, akaelewa. "Atatutoa."

"Ulimshikia yule. Nishikie na mimi."

Alishika. Mwanga ukatua juu ya waya mnene mweupe. Mama Kasuku aliukata mara moja, sawa. Akanyoosha mkono chini bila kutazama, naye mumewe akaweka tepu ndani yake. Alizifunga ncha zote, safu juu ya safu, kwa uangalifu wa mtu anayelipwa kwa kola zisizofumuka.

Kisha aliingia ndani, akaziunga zile nyaya mbili za friji, akarudisha bamba na skrubu zake, akanyanyua swichi. Bibi akanguruma. Ndani hamkuwa na kitu ila kikombe cha mtoto ambacho hakuna aliyekuwa na moyo wa kukiosha. Mama Mkaa akaja na chupa ya maji, akaifungua friji, akaiweka. Wa chumba cha mwisho akaleta maziwa yake.

Jioni Shangazi alirudi, akaingia kuoga. Wapangaji walikuwa wamekaa ukumbini, milango yote wazi, hakuna redio iliyokuwa inalia.

"Nani amegusa hita yangu?" sauti ilitoka bafuni. "Nauliza! Maji ni barafu! Nani amekata?"

Mama Kasuku hakuinuka.

"Ni waya wa joto tu, Shangazi," alisema. "Hauna kazi."